Rimoti ngapi zinafungua gari lako? Zihesabu kabla mwizi hajakuhesabia!

Msomaji wangu, leo naanza na swali la uchokozi kidogo. Hebu weka pembeni hiyo soda, kisha nijibu bila kupepesa macho: gari lako linafunguliwa na rimoti ngapi?

Sikuulizi unazo ngapi mfukoni. Hilo najua utanijibu haraka, "moja tu kaka, ndiyo niliyokabidhiwa na gari". Swali langu ni hili: gari lenyewe, huko ndani kwenye ubongo wake, linawatambua wangapi?

Umeona? Kimya. Na hauko peke yako. Mjini hapa tumejaa vijana wenye mikoko ya Japani, tunatanua nayo Ijumaa mpaka Jumapili, tunajua inakula mafuta kiasi gani na redio yake inadunda vipi, lakini hilo dogo la nani mwingine anaweza kubonyeza kitufe milango ikafunguka, hatuna habari nalo kabisa. Gari limetoka kwa mwenyewe wa kwanza kule Japani, likapita mnadani, likapanda meli, likashuka bandarini, likakaa yadi, likalala kwa fundi rangi, ndipo likakufikia wewe. Kote huko funguo zilikuwa zinatembea mkono kwa mkono. Halafu wewe umekabidhiwa kifunguo kimoja kimechakaa, umeshangilia, umepiga picha, yamekwisha!

Hayajakwisha. Asikudanganye mtu. Habari njema ni kwamba kwa magari mengi tunayoyaendesha hapa Bongo, yale ya kuchomeka ufunguo na kuzungusha, unaweza kuhesabu rimoti zinazotambuliwa, kuongeza ya akiba na kuzifuta usizozijua, ukiwa nyumbani kwako, bila kompyuta. Mimi nimeyaona kwa macho yangu. Na sikuyaonea kwenye gereji ya kisasa yenye vigae. Niliyaonea Makurunge, chini ya mwembe.

KASHESHE LA MAKURUNGE

Kwa wasiopajua, Makurunge ni kata ya Wilaya ya Bagamoyo. Ukitoka Dar unakata kama kilomita 70 kufika Bagamoyo mjini, kisha unaishika njia ya kuelekea Saadani. Ndiko kuliko mashamba ya miwa ya Bagamoyo Sugar. Ni kuzuri, upepo mwanana, lakini ukipoteza ufunguo huko Jumamosi jioni, wee acha tu. Utalala na mbu.

Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi dada mmoja, mwenyeji wangu siku hiyo, ambaye jina lake nalifungia kabatini. Dada huyu anafanya kazi Dar, na mama yake analima mihogo na korosho Makurunge, hivyo kila baada ya wiki mbili yuko barabarani na Toyota yake ndogo ya mwaka 2003. Rimoti aliyonayo ni moja tu. Fundi mmoja mjini alipoulizwa bei ya kumwongezea ya pili, alitaja hela ya kumtoa mtu machozi. Basi dada akaenda zake Shauri Moyo, Ilala, akachagua rimoti iliyotumika inayofanana na yake, akaja nayo kijijini, kwani alishaambiwa kuna kijana jirani wa mama yake anayaweza mambo hayo.

Kijana mwenyewe ni fundi umeme wa pikipiki na matrekta. Hana mashine wala maringo. Alikuja na simu yake na karatasi moja iliyokunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo, ambayo ameandika kwa kalamu hatua za kila aina ya gari. Akaamkia, "Shikamoo mama", akaitikiwa, akapewa kigoda. Kisha akamgeukia dada.

"Dada, kabla hatujamkaribisha mgeni, tuulize kwanza waliomo ndani ni wangapi."

Dada akacheka. "Si mimi peke yangu!"

Fundi akaingia garini. Akachomeka ufunguo na kuuchomoa, akafungua na kufunga mlango, akarudia, akazungusha swichi mara tatu, akatoa ufunguo. Sote tukatega masikio. Milango ikafunga na kufunguka yenyewe. Kacha-kacha! Kimya kidogo. Kacha-kacha! Kimya. Kacha-kacha!

Ikanyamaza.

"Zipo tatu," fundi alisema.

Dada alikitazama kifunguo chake kimoja mkononi. Mama, ambaye muda wote alikuwa akimenya mihogo kama vile hayamhusu, akaweka kisu chini. "Mwanangu, wewe unayo moja. Hao wengine wawili ni kina nani?"

Hapo ndipo nilipoona sura ya dada inabadilika. Akakaa kwenye mkeka, akatueleza jambo ambalo sikulitegemea.

Miezi kadhaa iliyopita, gari likiwa ndani ya uzio kule anakopanga, bahasha yenye kodi ya nyumba iliondoka kwenye droo ya dashibodi usiku. Kioo hakikuvunjwa. Kitasa hakikuguswa. Milango asubuhi ilikutwa imefungwa vizuri. Wapangaji wakakaa kikao, na kama kawaida yetu, kidole kikamwendea mlinzi, mzee wa watu aliyekuwa getini usiku ule. Hoja ilikuwa moja tu: gari halijavunjwa, kwa hiyo aliyelifungua ni mtu aliyewahi kuushika ufunguo, na mzee ndiye aliyekuwa akiachiwa ufunguo wa kuoshea gari. Aliapa mpaka akatoa machozi. Kazi akapoteza.

"Mimi mwenyewe nilisema, kama si yeye ni nani?" dada alisema, sauti imeshuka.

Sasa tuelewane, msomaji wangu. Milango ile haikumtaja mwizi. Rimoti mbili zile huenda zimelala kwenye kabati la mtu huko Japani tangu mwaka 2003, zimeota vumbi. Huenda moja iko mfukoni kwa mtu hapa hapa Dar. Huenda hata bahasha ilitoka kwa njia nyingine kabisa. Hakuna ajuaye. Lakini ile hoja iliyomfukuzisha mzee kazi, kwamba hakuna mwingine aliyekuwa na uwezo wa kufungua bila kuvunja, ilikufa pale pale chini ya mwembe. Ilikufa kwa kacha-kacha tatu.

Dada alimpigia mwenye nyumba simu papo hapo. Nilimsikia akisema, "Hapana baba, hapa si pa kufikiria. Niliyeibiwa ni mimi, na mimi nasema ushahidi tuliomfukuzia mzee wetu haupo." Akaomba namba ya mzee. Alipoanza na "Shikamoo baba, naomba unisikilize," mimi na fundi tukaona adabu ni kusogea pembeni tukaangalie mikorosho.

Tuliporudi, kazi ilikuwa moja: futa wote, andika upya wawili tu wanaojulikana. Haikuchukua hata dakika tano. Fundi akahesabu tena. Kacha-kacha, kacha-kacha. Mbili. Mama akarudi kwenye mihogo yake.

CHUMA, CHIPU NA RIMOTI

Sasa tuingie darasani, kwani hapa ndipo wengi wanapopigwa. Ufunguo wako mmoja unaweza kuwa na vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kina kazi yake.

Kwanza kuna chuma chenyewe, kile kilichochongwa meno. Hicho kinafungua kitasa na kuzungusha swichi, na mchonga funguo yeyote wa mtaani anaweza kukutolea nakala.

Pili kuna chipu, kidude kidogo kilichofichwa ndani ya kichwa cha ufunguo. Hakina betri. Ukichomeka ufunguo, gari linakiuliza jina lake, na kisipojibu sawasawa injini haiwaki. Mfumo huo ndio huitwa imobilaiza. Ujerumani na Uingereza ziliufanya wa lazima kwa magari mapya mwaka 1998. Lakini magari mengi madogo ya soko la Japani ya miaka ile hayakuwekewa, ndiyo maana hapa kwetu unakuta gari linawashwa na ufunguo wa kuchonga bila tatizo.

Tatu kuna rimoti, vile vitufe vya kufungia na kufungulia milango. Hii ndiyo yenye betri, na hii ndiyo tunayoizungumzia leo. Kusajili rimoti nyumbani hakusajili chipu. Unaweza ukawa na rimoti inayofungua milango vizuri kabisa, halafu ufunguo wake usiwashe gari. Pia, ukifuta rimoti iliyopotea, yule aliyeiokota kama anacho na chuma bado ataingia kwa kitasa. Kwa hiyo ukipoteza ufunguo mzima, kufuta ni hatua ya kwanza tu. Inayofuata ni kubadilisha vitasa, na kutoa taarifa polisi.

SIRI ILITOKA KWA MADIBA

Wengi tunadhani teknolojia hii yote ni ya Wazungu na Wajapani. Nusu ni kweli. Mwaka 1982 Renault ya Ufaransa ilitoa gari lake aina ya Fuego likiwa na rimoti ya milango iliyotumia mwanga usioonekana, kama ile ya televisheni. Zikafuata za mawimbi ya redio. Tatizo la za mwanzo ni kwamba zilikuwa zinatuma neno lile lile la siri kila siku. Mjanja mwenye kifaa cha kunasa mawimbi alijificha karibu, akalinasa neno, akalirudisha baadaye, mlango ukafunguka. Soo!

Ndipo Waafrika wenzetu wa Afrika Kusini walipoingia uwanjani. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Nanoteq ya huko ilibuni mfumo unaoitwa KeeLoq, na mwaka 1995 ukauzwa kwa kampuni ya Microchip ya Marekani kwa zaidi ya dola milioni 10. Ukasambaa dunia nzima.

Jinsi unavyofanya kazi ni hivi. Chukulia wewe na mwenye duka mna madaftari mawili yanayofanana, kila moja lina orodha ndefu ya maneno ya siri. Leo unasema neno la kwanza, mnalikata wote wawili. Kesho unasema la pili. Aliyesikia la jana hana faida nalo, limeshakatwa. Rimoti na gari vinafanya hivyo hivyo: kila ukibonyeza, namba mpya.

Sasa elewa na hili. Mtoto akichezea rimoti sebuleni, akabonyeza mara kadhaa, rimoti inasonga mbele kwenye daftari wakati gari limebaki nyuma. Ndani ya namba 16 zinazofuata, mfumo huu haushtuki, unaruka na kuendelea. Akipitiliza hapo, gari linaweza kugoma mara ya kwanza. Usikimbilie kwa fundi. Simama karibu, bonyeza tena mara ya pili. Mara nyingi linakukumbuka.

Naam, na "kusajili rimoti" maana yake ni hiyo tu: kulionyesha gari daftari jipya liliweke kabatini mwake. Gari lina nafasi chache. Toyota nyingi za aina hii hukubali rimoti 4. Kama nafasi zile zina wageni usiowajua, hao wana haki sawa na wewe!

FANYA MWENYEWE, POLEPOLE

Kanuni ya kwanza: shusha kioo cha dereva kabisa, na watoto wasiwe ndani ya gari. Milango itakuwa inajifunga yenyewe, na jua la pwani halina msamaha. Kanuni ya pili: kusanya rimoti zako zote kabla hujaanza. Kanuni ya tatu: soma kitabu cha gari lako kama unacho, kwani hatua hutofautiana kwa aina na mwaka. Hizi hapa ni za magari mengi ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka ya 2000.

Toyota. Mlango wa dereva uwe wazi na loki yake imefunguliwa, milango mingine imefungwa, ufunguo uko nje. Chomeka ufunguo na kuuchomoa mara mbili ndani ya sekunde 5. Funga na kufungua mlango wa dereva mara mbili. Chomeka na kuchomoa ufunguo mara moja. Funga na kufungua mlango tena mara mbili. Kisha chomeka ufunguo, funga mlango. Usizubae, kila kipande kina sekunde 40 tu.

Hapo ndipo unapochagua unachotaka. Zungusha swichi kutoka LOCK kwenda ON na kurudi, kisha chomoa ufunguo. Ukizungusha mara moja, unaongeza rimoti mpya na za zamani zinabaki. Mara mbili, unafuta zote na kuanza upya. Mara tatu, unaomba kuhesabiwa. Milango itakujibu: mara moja kwa kuongeza, mara mbili kwa kufuta, na ukiwa umeomba hesabu itaitika kadiri ya idadi ya rimoti zilizosajiliwa. Ikiitika mara tano kwenye hesabu, usipige kelele, maana yake hakuna hata moja.

Kama unaongeza au unaanza upya, sasa chukua rimoti. Bonyeza kufunga na kufungua kwa pamoja kama sekunde moja na nusu, achia, kisha bonyeza kufunga peke yake sekunde mbili. Milango ikiitika mara moja, imekubali. Ikiitika mara mbili, imekataa, rudia. Chukua rimoti inayofuata ndani ya sekunde 40. Ukimaliza fungua mlango, ujaribu. Zipo Toyota nyingine ambazo badala ya mchezo huu wa ufunguo zinataka ubonyeze swichi ya loki ya mlangoni mara tano, kwa hiyo ikigoma usiipige teke, tafuta hatua za toleo lako.

Nissan. Ingia ndani, funga milango yote, piga loki kwa swichi ya mlango wa dereva. Chomeka ufunguo na kuuchomoa kabisa mara sita au zaidi ndani ya sekunde 10. Taa za hazadi zitawaka mara mbili. Zungusha mpaka ACC, bonyeza kitufe chochote cha rimoti mara moja, hazadi zitaitika. Kwa rimoti nyingine, fungua na kufunga loki kwa swichi ya mlangoni kisha bonyeza hiyo rimoti.

Nissan ina utamu wake: hukubali rimoti 5, na ya sita ikiingia, ya zamani kuliko zote inatupwa nje. Na haijali kama unamwandikisha mtu yule yule. Kwa hiyo, ukitaka kuwaondoa wageni usiowajua, sajili rimoti zako kwa zamu mpaka nafasi zote tano zijae majina yako. Hakuna kiti kilichobaki kwa mwingine!

Honda. Washa swichi mpaka ON, bonyeza kufunga kwenye rimoti, zima. Rudia hivyo haraka haraka, bila kupoteza zaidi ya sekunde 4 kati ya hatua na hatua. Kwenye ON ya nne milango itaitika. Hapo bonyeza kitufe cha kila rimoti unayotaka iingie. Ole wako usahau moja ndani ya nyumba, kwani mara nyingi ambazo hazikusajiliwa kikao hicho zinafutika.

KABLA HUJATOA MSHIKO

Sokoni kuna usanii, tusifichane. Kwanza, kuna kava tupu. Linang'aa, lina nembo, lina vitufe, lakini ndani hakuna kitu. Kava ni la kuhamishia utumbo wa rimoti yako ya zamani. Ukiambiwa bei poa kupita kiasi, omba bisibisi, fungua, uone ubao wa umeme ndani.

Pili, masafa. Magari ya soko la Japani ya miaka hiyo hutumia mawimbi ya kati ya MHz 312 na 315, wakati ya Ulaya mengi ni MHz 433.92. Rimoti ya Ulaya na gari la Japani ni sawa na Mmakonde na Mchina walioketi bila mkalimani. Linganisha namba iliyoandikwa nyuma ya rimoti au kwenye ubao wake na ile ya kwako, herufi kwa herufi. Kufanana sura si undugu.

Tatu, betri. Kile kibetri bapa kina namba, na namba ile ina maana. CR2016 maana yake upana milimita 20 na unene milimita 1.6. CR2032 upana ni ule ule lakini unene 3.2. Zote ni volti 3, ila ukilazimisha nene kwenye nyumba ya nyembamba utavunja kitu. Kabla hujalaumu rimoti, badilisha kibetri kwanza.

Na wewe unayekwenda kuogelea Bagamoyo na ufunguo mfukoni mwa kaptula, sikia. Chumvi ya bahari inakula shaba ya ndani kama mchwa. Ikizama, toa kibetri haraka, osha ubao kwa maji safi, futa kwa spiriti ya dawa, anika kivulini mpaka ikauke kabisa ndipo urudishe betri. Usianike juu ya jiko!

WENYE KITUFE CHA KUWASHIA

Mabosi wa magari ya kubonyeza kitufe, ufunguo unabaki mfukoni, nanyi nina neno lenu. Huo wenu kwa kawaida hausajiliwi kwa kuchezesha milango, unahitaji mashine inayochomekwa kwenye soketi chini ya usukani. Tafuta fundi mwenye jina na anuani, simama pale pale akifanya, na mwambie akusomee idadi ya funguo zilizosajiliwa kabla na baada ya kazi.

Na msijione mmesalimika. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi, walijaribu magari 10 ya watengenezaji 8 kwa kifaa kinachorefusha sauti ya ufunguo, kama spika inayobeba mnong'ono kutoka chumbani mpaka barabarani. Magari yote 10 yalidanganyika, yakadhani ufunguo uko karibu. Dawa ya bei nafuu ni kuweka ufunguo usiku kwenye kopo la bati lenye mfuniko, mbali na dirisha. Simama nje na kopo lako mkononi ujaribu kufungua. Likigoma, kopo ni zuri. Na kibetri kikifa njiani usilie: ndani ya ufunguo huo kuna chuma kidogo kimefichwa cha kufungulia mlango, na kwa Toyota nyingi ukigusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, gari litakuitikia.

Jambo la mwisho linawahusu wote, wa kuzungusha na wa kubonyeza. Kuna wajanja wanaoziba mawimbi kwenye maegesho. Wewe unabonyeza rimoti huku umeshageuka mgongo, unaenda zako, kumbe gari halikusikia kitu. Tiba haina gharama: vuta kitasa kwa mkono wako kabla hujaondoka.

WIKIENDI HII USITANUE KWANZA

Nimalizie hivi. Sisi vijana wa mjini tukipoteza kitu, hukumu yetu ina haraka kuliko treni ya umeme. Dada wa kazi, mlinzi, muosha magari, mdogo wa shemeji, basi, ameiba. Tunasema "hapajavunjwa, kwa hiyo ni wa humu humu". Kwa nyumba za zamani zenye komeo la mti, hoja hiyo ilikuwa na mashiko. Kwa gari lililofika hapa likiwa na historia ya miaka 20 na rimoti ambazo hujui ziliko, haina. Mlango wa siku hizi unafunguka bila mkwaruzo, na anayeufungua anaweza kuwa mtu ambaye hujawahi kumwona maishani.

Kwa hiyo Jumamosi hii, kabla ya kupeleka mkoko kuoshwa, tafuta kivuli. Shusha kioo. Hesabu. Zikiwa sawa na ulizonazo mkononi, mshukuru Mungu, kisha ongeza moja ya akiba umpe mama au ndugu unayemwamini akutunzie. Zikizidi, futa zote, andika zako, hesabu tena. Na kama kuna mtu ulishawahi kumnyooshea kidole kwa sababu tu milango haikuvunjwa, unayo namba yake ya simu.

Mpaka wiki ijayo, panapo majaliwa. Funga gari, na vuta kitasa!